Nyuzi za besi: pima kwanza, ndipo uagize Dar

Ukiwa Kariakoo, kukosea nyuzi za gitaa la besi ni kero ya nusu saa: unarudi dukani, unabadilishiwa, unaondoka. Ukiwa Kigoma, kosa hilohilo limesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa basi au treni ndipo likufikie, na hakuna muuzaji atakayepokea pakiti iliyofunguliwa. Huku mjini ukizikuta za besi, mara nyingi ni aina moja tu, uchukue au uache. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na futi ya fundi cherehani. Jina la kampuni litakuja baadaye, tena si jambo kubwa kama wengi wanavyodhani.

Wapigaji wengi huziita waya. Hapa tunasema nyuzi, ila kwa simu sema lolote kati ya hayo, utaeleweka.

Je, kweli zimechoka?

Uzi wa besi hauchakai kwa kukatika. Unakufa polepole: sauti inapoteza ung'avu, inakuwa kama mtu anagonga debe lililojaa nguo. Sababu ni jasho, mafuta ya ngozi na vumbi kuingia katikati ya mizunguko ya waya na kuganda humo. Uchafu huo hauenei sawasawa, basi uzito wa uzi nao unapishana sehemu na sehemu, na hapo ndipo linapoanza lile tatizo la uzi kuwa sawa ukiwa wazi, halafu ukibonyeza freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya 12 unapiga kelele nyingine. Pitisha ukucha upande wa chini wa uzi, pale unapokutana na freti. Ukihisi vibonyeo, hakuna kuosha kutakakouponya.

Wengine hulilaumu ziwa. Tanganyika ni maji baridi, si ya chumvi. Chumvi inayokula nyuzi zako inatoka vidoleni mwako.

Kama uzi unakatika, tena kila mara mahali palepale, usiagize kitu kabla hujapakagua mahali hapo. Kwenye kitandiko cha daraja, pale uzi unapolala mwilini mwa gitaa, au kwenye kigingi, pale unapozungushiwa kichwani, kuna kijino cha chuma kinachoukata. Kisugue taratibu kwa msasa laini, namba 600 hivi, hadi kidole kipite bila kukwama. Usipofanya hivyo, seti mpya itakatika hapohapo.

Hatua ya kwanza: urefu

Pima skeli ya gitaa, yaani urefu wa uzi unaotetemeka. Weka mwanzo wa futi kwenye nati, kile kipande chenye vijifereji pale shingo inapokutana na kichwa. Nyoosha hadi juu ya chuma cha freti ya 12, ile ambayo kwa kawaida ina nukta mbili. Zidisha mara mbili. Usipime hadi darajani, kwa sababu vitandiko husogezwa mbele na nyuma na vitakudanganya.

Sentimita 43.2 hadi freti ya 12 ni skeli ndefu, inchi 34. Hii ndiyo iliyoenea tangu kampuni ya Fender ilipotoa besi yake ya Precision Bass mwaka 1951, na besi nyingi utakazozikuta makanisani na kwenye bendi ni za kundi hili. Sentimita 40.6 ni skeli ya kati, inchi 32. Sentimita 38.1 ni fupi, inchi 30, na hizo ndogo zinazonunuliwa kwa ajili ya vijana mara nyingi ziko hapa. Ukipata sentimita 44.5 una inchi 35, jambo la kawaida kwa baadhi ya besi za nyuzi 5.

Kisha pima urefu wa pili, ambao watu husahau: kuanzia pale kirungu cha uzi, kile kipande cha duara mwishoni mwake, kinapokaa darajani hadi kwenye nati. Halafu kuanzia hapohapo hadi kwenye kigingi cha uzi mnene. Andika vyote viwili. Uzi wa besi una sehemu nene iliyozungushiwa kikamilifu, halafu karibu na mwisho unapungua unene, mara nyingi ukiwa umevikwa uzi wa rangi kama hariri. Unatakiwa unene uvuke nati, na kupungua kuanze kati ya nati na kigingi. Uzi wa kuangalia zaidi ni wa E, mnene kuliko zote kwenye besi ya nyuzi 4, kwa sababu kigingi chake ndicho kilicho karibu na nati.

Ukinunua fupi kwa gitaa la skeli ndefu, ile hariri italala juu ya nati, au mbaya zaidi juu ya freti ya kwanza, na uzi utalia kama umefungwa kitambaa. Ukinunua ndefu kwa gitaa fupi, sehemu nene yenyewe italazimika kujikunja kwenye kigingi. Tundu linaweza hata lisiipokee. Ikipokea, waya wa nje unafunguka pale unapokunjwa, na uzi mpya unakufa kabla haujapigwa ibada moja.

Jambo moja zaidi hapa. Geuza gitaa uangalie mgongo. Kama nyuzi zinapita ndani ya mwili na kuingilia nyuma, urefu wako wa kirungu hadi nati ni mkubwa kuliko wa daraja la kawaida, na si kila seti ya inchi 34 itatosha. Mwambie muuzaji mapema.

Hatua ya pili: geji

Tahadhari kwa waliozoea mabati: kwa fundi wa paa, geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Kwenye nyuzi ni kinyume. Namba ni unene wenyewe kwa elfu za inchi, kwa hiyo 105 ni mnene kuliko 100. Uzi wa 45 una milimita 1.14, wa 105 una milimita 2.67. Ukiwa na rafiki karakana mwenye venia kalipa, pima nyuzi ulizonazo sasa kabla hujazitupa. Hata zikiwa zimechakaa, namba utakayopata itakuwa karibu sana na ile iliyokuwa kwenye pakiti.

Seti ya kawaida ya nyuzi 4 ni 45-65-85-105, ukianzia G, kisha D, A na E. Ikiwa hujui ufunge nini na gitaa linapigika vizuri, agiza hiyo. Nyepesi ni 40 hadi 95 au 100; vidole vinapumzika, sauti inang'aa, ila mtu mwenye mkono mzito atazifanya zigonge freti. Nzito ni 50 hadi 110.

Namba hizi si za vidole tu. Seti ya kawaida huvuta shingo kwa karibu kilo 80, zaidi kidogo ya mfuko mmoja na nusu wa saruji. Chuma kilicho ndani ya shingo kimekazwa kushindana na mvuto huo. Ukiongeza geji shingo inavutwa mbele na nyuzi zinapanda juu. Ukipunguza, shingo inarudi nyuma na nyuzi zinaanza kukwaruza freti. Anayebadilisha geji ajue ananunua pia kazi ya kusawazisha shingo.

Sasa jambo linalowahusu wanakwaya. Kwaya nyingi hushusha magitaa yote nusu toni ili sauti ya kwanza isiumie. Ukishusha nusu toni, mvuto wa kila uzi unapungua kwa asilimia 11 hivi. Ukishusha toni nzima, asilimia 21 hivi. Ndiyo maana E inalegea na kuburura. Uzi wa 110 badala ya 105, ukiwa wa aina ileile, unarudisha karibu asilimia 10 ya mvuto. Kwa hiyo kwaya inayoishi nusu toni chini siku zote ifunge 110 kwenye E na iache kulalamikia gitaa. Ikiwa mnashusha kwa wimbo mmoja tu kisha mnarudi, bakini na 105.

Wenye nyuzi 5 wana B ya chini, ambayo hutetemeka mara 31 hivi kwa sekunde. Geji 125 ni laini na inayumba, 130 ndiyo ya wengi, 135 ni ngumu. Lakini kabla hujatumia hela kwenye B nzito, sikiliza spika yenu. Spika nyingi za inchi 12 tunazopigia hazitoi hata E ya chini kikamilifu, kwa maana E ni mara 41 tu kwa sekunde. Kinachosikika ni noti ya juu yake, ile ya mara 82. Uzi hauwezi kurekebisha kisichotoka kwenye spika.

Kuna wanaoweka waya wa breki ya baiskeli. Utalia, kwa sababu ni chuma na pikapu (siyo gari, ni kile kifaa cha sumaku chini ya nyuzi) husikia chuma. Tatizo ni ugumu. Uzi halisi una kiini chembamba cha chuma kigumu kinachobeba mvuto, halafu waya wa kuzungushia unaongeza uzito bila kuongeza ukaidi. Waya wa breki hauna mpango huo. Kadiri unavyopanda shingoni noti zinakimbia juu, na freti zinalika.

Hatua ya tatu: umezungushiwa nini

Hapa ndipo sauti ilipo, na hapa wengi huchagua kwa rangi ya pakiti.

Raundi ni nyuzi zilizozungushiwa waya wa duara. Ukipitisha ukucha unasikia zinakwaruza. Zinang'aa, zinatoka mbele ya spika. Zilipata nguvu kubwa kuanzia 1966, kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilipozitengeneza ikishirikiana na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, aliyetaka kila noti ya besi isikike kama ya piano. Kwa seben, ambapo besi inarukaruka na kila noti inatakiwa ianze kwa mpigo, raundi ndizo. Kwa kwaya yenye kinanda, ngoma za umeme na magitaa mawili, pia raundi, vinginevyo besi itazama.

Ndani ya raundi kuna madini matatu ya kuchagua. Chuma kilichopakwa nikeli ndicho cha kati: kinang'aa vya kutosha, hakili freti haraka, na ndicho rahisi kupatikana. Chuma cha pua kina makali zaidi, kinastahimili kutu, ila kinakwaruza vidole na kumaliza freti mapema. Nikeli tupu ni laini na ya kizamani kidogo. Ukitaka kauli yetu kwa mpigaji wa Kigoma anayepiga Jumapili na mazoezi mawili ya wiki: chuma kilichopakwa nikeli. Anayetoka jasho jingi mikononi ajaribu chuma cha pua.

Flati zimezungushiwa utepe bapa, uso wake laini kama kioo. Sauti ni nzito, fupi, inapiga "dum" na kuondoka. Ndizo zilizokuwa kwenye besi za umeme kabla ya raundi kuenea, na James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown ya Marekani, alizitumia bila kuzibadilisha hadi zikatike. Bendi inayopiga zilipendwa, nyimbo za enzi za Tabora Jazz na Nyanyembe, itapata mle ndani ladha ambayo raundi haitoi hata ukizungusha vitufe vyote. Zinadumu miaka. Ubaya wake ni bei, na kwamba geji ileile mara nyingi huvuta zaidi. Tena kwenye spika ndogo ya uwanjani, upepo ukivuma, zinapotea.

Nyuzi za nailoni nyeusi zina chuma ndani, kwa hiyo pikapu inazisikia. Ni laini sana na sauti yake inakaribia ile ya besi kubwa ya kusimama. Pamoja na flati, hizi ndizo za besi isiyo na freti. Raundi kwenye shingo ya namna hiyo ni tupa juu ya mbao.

Za shaba nyekundunyekundu kama za gitaa kavu usizichukue kwa besi ya umeme. Pikapu ya sumaku haiusikii waya wa shaba wa nje vizuri, na sauti itatoka dhaifu. Zilizopakwa utando ni ghali, ila utando unazuia jasho kuingia katikati ya mizunguko. Kwa mtu aliye mbali na duka hesabu inaweza kumlipa, maana nauli ya mzigo ni ileile kwa seti inayodumu mwezi na inayodumu miezi kadhaa.

Hatua ya nne: kuagiza

Usipige simu kusema "nataka nyuzi za besi". Tuma ujumbe wa maandishi, ili ukiletewa kingine uwe na la kuonyesha. Kama hivi:

*"Habari za kazi kaka. Naomba seti moja ya nyuzi 4 za gitaa la besi la umeme, skeli ndefu inchi 34, geji 45-65-85-105, raundi, chuma kilichopakwa nikeli. Kutoka kirungu hadi nati ni sentimita 92, kwa hiyo sehemu nene ivuke hapo. Naomba picha ya nyuma ya pakiti kabla sijatuma hela. Niko Kigoma."*

Hiyo 92 ni mfano; weka yako. Jibu la "zipo, bosi, ni za besi hizohizo" halitoshi. Subiri picha. Nyuma ya pakiti lazima pawe na geji za nyuzi zote, skeli, na aina ya zungushio. Pakiti iliyoandikwa tu "Bass Strings" bila namba ni ya kukwepa, hata kama jina la juu ni kubwa. Kwenye picha angalia pia kama pakiti ya ndani imefungwa bila tundu, kwa maana nyuzi zilizokaa dukani pakiti ikiwa wazi huanza kutu kabla hazijapanda basi. Mwombe asizikunje ili ziingie kwenye bahasha ndogo. Ziende na duara lake zilivyotoka kiwandani.

Uzi mmoja mmoja? Unawezekana, lakini G mpya kando ya nyuzi tatu zilizochoka itasikika kama mgeni aliyekuja na tarumbeta. Nunua mmoja ikiwa seti ina wiki chache tu.

Hatua ya tano: kufunga

Tafuta kikata waya au koleo kali, kitambaa kikavu, alenki (funguo za pembe sita) za daraja na za shingo, bisibisi, na tyuna, yaani kipima noti. Tyuna ya simu inatosha, ila maikrofoni ya simu husumbuka na E ya chini. Gusa uzi kidogo tu juu ya chuma cha freti ya 12 bila kubonyeza, piga, inua kidole. Noti inayotoka iko juu mara mbili na simu itaisoma.

Legeza nyuzi zote kwanza hadi zining'inie, ndipo ukate za zamani. Kukata uzi uliokazwa ni kutafuta jeraha. Unaweza kutoa zote ukapata nafasi ya kusafisha. Shingo haitaharibika kwa kukaa saa moja bila nyuzi. Futa ubao wa vidole kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa sana, kisha kikavu. Mawese, alizeti na mafuta ya nazi yabaki jikoni: huganda, hunata na kunuka, na uchafu huo unahamia kwenye nyuzi mpya.

Pitisha uzi darajani, kirungu kikae sawasawa mahali pake, uulaze kwenye kijifereji cha nati, uvute hadi kwenye kigingi chake. Sasa pima sentimita 10 hadi 12 kupita kigingi. Hapo ukunje kwa pembe kali, digrii 90, ndipo ukate mbele ya mkunjo. Utaratibu huu si mapambo. Nyuzi zingine zina kiini cha duara, na ukizikata bila mkunjo waya wa nje unaanza kuteleza na kufunguka, uzi mzima unalegea sauti. Hutaona kwa macho; utasikia tu kwamba mpya imezaliwa ikiwa imekufa.

Ingiza ncha kwenye tundu la katikati ya kigingi chenye mpasuo, kunja upande, zungusha sikio la kigingi. Kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia, usipande juu yake. Mizunguko miwili hadi mitatu inatosha. Kwa kichwa chenye masikio manne upande mmoja, mpe A mizunguko ya ziada hadi ushuke chini kabisa ya kigingi: D na G kwa kawaida zina kikandamizi kinachozishusha, E iko karibu, lakini A haina mtu wa kuishika, na ukiacha ikitokea juu ya kigingi itatambaa kwenye nati na kukwaruza ikipigwa wazi. Wengi huhukumu nati bure kwa kosa hili.

Unapozungusha, usiushike uzi ukajisokota. Flati hasa zikisokotwa hazisamehe.

Zikishafika kwenye noti, bonyeza kila uzi kwa kidole gumba mbele tu ya kitandiko, na tena mbele tu ya nati. Uzi mnene hupita hapo kwa upinde badala ya kona, na upinde huo unaharibu noti. Kisha uvute uzi juu taratibu katikati, tyuni tena, vuta tena, mara tatu au nne. Ukiruka hatua hii, utatyuni katikati ya ibada.

Hatua ya sita: kusawazisha

Acha gitaa likae na nyuzi mpya usiku mmoja. Kisha bonyeza E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, uangalie nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Iwe kama milimita 0.3 hadi 0.4. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, basi nafasi iwe kama nusu yake. Kadi ikipita bila kugusa uzi, shingo imepinda mno: kaza chuma cha shingo kwa kuzungusha kulia. Uzi ukiwa umelala juu ya freti bila nafasi, legeza kushoto. Robo ya mzunguko tu, kisha tyuni upya na pima tena. Kikigoma, acha, mpelekee fundi. Chuma cha shingo kilichokatika ndani si kazi ya jioni moja.

Mvua zinapoanza mbao hunywa unyevu na upinde huongezeka. Katika kiangazi, na kwa walioko Tabora zaidi, ubao unasinyaa, shingo inarudi nyuma na ncha za freti zinaanza kukwaruza kiganja. Kwa hiyo kipimo cha Desemba usitegemee kikute Agosti.

Baada ya shingo ndipo kimo cha nyuzi juu ya freti. Kwenye freti ya 12, milimita 2 kwa G na 2.5 kwa E ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwisho, linganisha noti ya 12 ya kugusa na noti ya 12 ya kubonyeza. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kitandiko nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kidogo kabla ya kukisogeza, tyuni, pima tena.

Zikikwaruza bado

Sikiliza mahali. Kelele ukipiga wazi tu, basi kijifereji cha nati kimekuwa kipana au kimezama kwa geji yako mpya, au ni ile A yenye mizunguko michache. Kelele kwenye freti za kwanza hadi ya 5, shingo imenyooka mno. Kelele juu ya freti ya 12, vitandiko viko chini. Kila mahali: nyuzi zimeshushwa mno, au umefunga nyepesi na mkono wako haujajua. Uzi mnene ukikataa kuingia kwenye nati, usiulazimishe kwa kuukaza. Kijifereji kipanuliwe kwa tupa nyembamba, kidogokidogo, upana tu na si kina.

Kuzitunza, na kuzifufua

Kunawa mikono kabla ya kupiga na kufuta kila uzi juu na chini baada ya kupiga kunashinda dawa yoyote. Juu ya kuchemsha, maana swali hili haliishi: ndiyo, raundi zilizochafuka ukizichemsha dakika 10 kwa maji matupu na kuzikausha kabisa hurudisha ung'avu, kwa siku au wiki chache. Nailoni usichemshe, flati haina faida. Kila unapozifungua na kuzifunga tena, mkunjo wa kigingini unachoka, na mara ya pili au ya tatu hapo ndipo panapokatika. Njia safi kidogo ni kuzilaza usiku mmoja kwenye bomba la plastiki la mita 1.2 lililozibwa chini na kujazwa spiriti. Spiriti hukauka haraka bila kuacha kutu, lakini inawaka haraka vilevile. Bomba likae nje, mbali na jiko la mkaa na sigara.

Seti uliyoitoa isiyo na vibonyeo ikunje kwa duara pana, ifunge na karatasi yenye geji na tarehe, iweke kwenye begi la gitaa. Karatasi ya pakiti mpya ibandike ndani ya begi hilohilo, ili mwakani umtumie muuzaji picha ileile.